Nusu Saa ya Binti Kihiyo

Kizoka hakimo kwenye ramani.
Ramani ya mkoa ina Pangani, ina Zigi,
kisha rangi ya kijani inatupita juu bila salamu.
Sisi tunakijua kwa nyayo:
kinatoka Magoroto, chini ya kisiki cha mvule,
baridi hata Februari,
kinateremka kwa kujipinda, ndiyo maana ya jina,
kinagawanyika mara tatu kabla ya reli.
Baada ya reli ni tope na vyura.

Kilichimbwa au kilikutwa?
Kina Semhando husema kijito ni cha Mungu, mfereji ni wao.
Kina Mnkande husema hata jembe lililochimba
lilikuwa la kuazima,
na halijarudishwa.

Enzi ya mkonge, bwana shamba alikifunga kwa mbao.
Korona ikanywa mchana kutwa,
ikatema maji ya kijani, yanayowasha.
Manamba waliyaoga, hawakuwa na mengine.
Usiku, mlinzi akisinzia, wanawake walitoboa mbao kwa msumari,
tundu moja, tundu jingine,
wakaziba kwa ulimbo wa fenesi kabla ya adhana.
Mchicha wa mwaka ule uliota kwa wizi.

Bwana shamba akaondoka, mbao zikaoza, ikaja zamu.
Zamu ndiyo daftari hili,
jalada jekundu, harufu ya mafuta ya taa,
mwandiko wa baba yangu, Mhina wa banio,
aliyeishia darasa la nne
na kuandika kama anayepanda mbegu, shimo kwa shimo:

*Semhando, alfajiri hadi saa nne.*
*Mnkande, saa nne hadi adhuhuri.*
*Binti Kihiyo, mjane, saa nane za usiku hadi saa kumi.*

Sheria ya wajane haikuandikwa popote,
lakini fungua kurasa zote:
hakuna mjane aliyemwagilia jua likiwapo.
Alikuja na kibatari na fimbo ya nyoka,
na mtoto mgongoni, kwa kuwa hakuna wa kumwachia.

Ukurasa wa arobaini na moja, mwaka wa unga wa yanga,
katikati ya mistari iliyonyooka, mmoja umeinama:
*Leo nimefungua kwangu nusu saa mapema.*
*Maji ya Binti Kihiyo. Mpunga wangu ulikuwa unakufa.*
*Nilisikia jembe lake likigonga pakavu.*
*Hakuuliza.*

Chini yake, karatasi tupu. Wala hakufuta.

Baba alizikwa akiitwa mwadilifu.
Kwenye hitima niligawa kahawa
nikisikia wakisema: huyu hakula hata tone la mtu.

Sasa kuna jumuiya, kuna mwenyekiti, kuna mhuri.
Kuna mpira wa inchi mbili na pampu
inayokohoa kwenye michungwa ya mtu wa Tanga mjini.
Uso wake hatuujui, tunamjua kwa mlio.
Kizoka kimekonda, hakifiki kifundo cha mguu.
Maji yaliyopita kwa nusu saa enzi za baba
leo yanataka kutwa.

Jana nilimwendea mjukuu wake, Zaujia, mlima bilinganya.
Nikamwambia, nina deni lako.
"Shilingi ngapi?"
Nikasema, ni la maji.
Akacheka. Akautazama mfereji, akaacha kucheka.
"Nusu saa ya lini? Ya wakati ule, au ya sasa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na ufunguo wa banio.
Nikafungua saa nne asubuhi, jua likiwa wazi,
kila mpita njia akiona,
nikakaa juu ya jiwe bila saa mkononi.
Maji yakamwingilia shambani polepole
yakisukuma majani makavu, povu,
na siafu mmoja aliyeng'ang'ania kijiti.
Ng'ambo, nyanya zangu zikaanza kulegea masikio.

Zaujia alisimama, jembe begani.
Hakusema inatosha.
Sikuuliza.